Chama kilichosafiri kwa hesabu

British Interplanetary Society, chama cha wapenda safari za anga za juu alichokianzisha Philip Cleator mjini Liverpool mwaka 1933, kilifika Vita vya Pili vya Dunia bila kurusha roketi hata moja. Wanaokibeza hukilinganisha na wenzao wa Verein für Raumschiffahrt, Wajerumani ambao kufikia 1931 walikuwa wakirusha roketi za petroli na oksijeni ya kimiminika kutoka uwanja wao wa Berlin. Maneno matupu hayavunji mfupa, ndiyo hukumu yao.

Hoja hiyo ina uzito. Injini hufundisha kwa kulipuka, karatasi hailipuki. Chombo cha Mwezini ambacho Waingereza walikisanifu kufikia 1939 kilitegemea roketi ndogo ndogo za baruti kavu, njia ambayo fundi aliyezoea fueli ya kimiminika huenda asingeigusa.

Lakini walikatazwa. Sheria ya Baruti ya 1875, iliyotungwa miaka 51 kabla ya Mmarekani Robert Goddard kurusha roketi ya kwanza ya fueli ya kimiminika, ilimzuia mtu binafsi kuunda na kujaribu vyombo hivyo. Cleator alipobisha hodi Wizara ya Anga, alijibiwa kwamba njia hiyo haionekani kushindana na injini ya rafadha! Basi wakapiga hesabu: miguu ya kutulia Mwezini, na vioo vya kumwonyesha msafiri nyota zimetulia huku chombo kinazunguka. Mwanachama wao Arthur C. Clarke alieleza mwaka 1945 jinsi setilaiti tatu, kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, zingetosha kuunganisha mawasiliano ya dunia. Mwaka 1946 mwenzao R. A. Smith alipendekeza V-2, kombora la Wajerumani la wakati wa vita, igeuzwe imbebe mtu mmoja hadi kilomita 300 hivi. Serikali ikakataa; mwanaanga wa Marekani Alan Shepard alipaa safari ya namna hiyo mwaka 1961.

Na wale Wajerumani waliorusha? Fedha ziliwaishia, jeshi likaja, na mwaka 1932 mwenzao Wernher von Braun, aliyekuja kuongoza usanifu wa V-2, akalifuata. Njia yake ilipita Mittelbau-Dora, kambi ya Wanazi ya kazi za kulazimishwa ilikoundwa V-2, yenye wafungwa wapatao 60,000, ambako takriban 20,000 walikufa. V-2 iliua wengi zaidi ikiundwa kuliko ilipodondoka. Idadi hiyo haitajwi sana roketi za Berlin zinaposifiwa.

Sidai Waingereza walikuwa wema zaidi. Jeshi lao halikuwaita tu. Ila kuwaita wapiga soga ni kuwaonea. Kati ya 1973 na 1978 walirudia karatasi zao wakasanifu Daedalus, chombo cha tani 54,000, karibu zote fueli, cha kwenda nyota ya Barnard. Hakuna serikali iliyowaagiza.