Mvua ileile, bei mbili

Wiki iliyopita mliandika kuwa mahindi yameshuka bei kwenye soko la nafaka la Kibaigwa, huku kwetu Kongwa, kwa sababu mvua zimekuwa nzuri. Leo yamepanda kidogo, na mchambuzi wenu yuleyule anasema mvua nzuri zimewapa wakulima jeuri ya kushikilia mzigo. Sasa mvua inashusha au inapandisha? Na ingekuwa kavu angekuwa na maelezo pia, tena kwa sauti ileile ya uhakika.

Sisi wa huku Kongwa tunaangalia malori. Wanunuzi wa Dar na Kenya wakipungua, dalali analegea. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula akianza kununua, watu wanagoma kuuza rahisi. EWURA nayo ikitangaza bei mpya ya mafuta, nauli ya mzigo inabadilika. Hivyo vyote hugongana siku moja, na shilingi ishirini kwa kilo mara nyingi ni ubishi wa mnunuzi na muuzaji tu, haina sababu ya kuandikiwa habari.

Mwambieni huyo mtaalamu aandike leo bei anayoitarajia mwisho wa mwezi, na kwa nini. Tutaisoma tarehe ikifika.