Dar inahitaji maktaba au bando?

Wanaosema maktaba zimepitwa na wakati wana hoja, na wengi wao ni wasomaji wazuri kabisa. Wakili kijana anayetafuta Sheria ya Ardhi ya 1999 au hukumu ya Mahakama ya Rufani anaipata bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, akiwa ndani ya daladala. Mwanafunzi wa sekondari anasoma vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Anayeishi Chanika au Bunju akitaka kufika Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ajiandae kwa nauli na foleni ya kwenda na kurudi. Mwalimu Nyerere alipoifungua Desemba 1967, mji wa Dar ulikuwa haujafika watu laki 3. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa. Jengo lile haliwezi kuwafikia wote hao hata lifanyeje.

Wana hoja nyingine, nzito zaidi. Ingia chumba cha kusomea cha maktaba ya umma wakati mitihani imekaribia. Meza zimejaa, lakini vitabu vya maktaba vilivyofunguliwa ni vichache. Kijana ana daftari lake, ana notisi alizotolea kopi steshenari, na simu yake imechomekwa ukutani inachaji. Kilichomleta ni kiti. Basi, wanasema, tumpe ukumbi wenye umeme na bando, tuachane na rafu.

Kiti chenyewe si kitu kidogo. Mtoto wa Manzese au Tandale anayelala chumba kimoja na wadogo zake, jirani kafungulia redio na Jumamosi kuna kigodoro mpaka alfajiri, hana pa kusomea. Intaneti inamletea kitabu, haimletei utulivu. Hata hivyo nakubali kwamba kama maktaba ni viti tu, mlinzi na fundi umeme wanatosha kuiendesha.

Kwangu mimi suala lote liko kwa mkutubi. Chukua mwanafunzi wa chuo anayeandika utafiti kuhusu uvuvi wa baruti katika pwani yetu. Akiuliza programu ya akili mnemba anaweza kupewa orodha safi ya marejeo, yenye majina ya waandishi, miaka na kurasa, na ndani yake mkawemo vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa. Udhaifu huo wa programu hizi unajulikana dunia nzima. Mwanafunzi hana namna ya kuushuku, kwa sababu kila kitu kimekaa kitaalamu. Mkutubi anayeijua kazi yake huanza na swali: unamtafuta samaki, mvuvi au sheria? Kwa mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwenye rafu kwa namba za mada, mbinu za uvuvi ziko 639, uchumi wa wavuvi 338, sheria 343. Swali hilo moja linamwonesha kijana kwamba mada yake ni mada tatu, na kwamba hajaamua anataka ipi. Kisha wanapekua katalogi pamoja, na kitabu ambacho hakionekani kwenye katalogi yoyote kinafutwa kwenye orodha.

Kuna pia yale ambayo simu haina. Makala za Wikipedia ya Kiingereza zimepita milioni 6, za Kiswahili hazijafika hata laki 2. Ngurumo, gazeti lililosomwa sana na watu wa kawaida wa mji huu tangu 1959 hadi 1976, huwezi kulisoma mtandaoni kama unavyosoma magazeti ya London ya karne ya 19. Anayetaka kujua Dar ilizungumza nini wiki ya Uhuru lazima aende kwenye makaratasi, na makaratasi ya zamani yanameguka mkononi. Sheria inamtaka mchapishaji apeleke nakala Bodi ya Huduma za Maktaba. Nakala ikishafika ikakaa tu stoo, imehifadhiwa kwa ajili ya nani?

Hapa wakutubi wenyewe wana la kujibu. Yupo ambaye siku nzima anahakikisha mikoba imeachwa mlangoni na kitabu kimegongwa muhuri, lakini hanyanyuki kumuuliza msomaji anatafuta nini. Chuo chao kipo Bagamoyo, taaluma wanayo. Wakibaki nyuma ya kaunta, wanaosema simu imechukua nafasi yao watakuwa wamesema kweli.

Serikali haijaikatia tamaa maktaba. Novemba 2018 ilizinduliwa maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Chuo kilistahili. Lakini fedha zinazofuata ningezielekeza kwenye vyumba vidogo vya kusomea Mbagala, Gongo la Mboto na Bunju, kila kimoja na intaneti na wakutubi wawili wanaolipwa vizuri, pamoja na mashine za kupiga picha magazeti ya zamani kabla hayajaisha. Mpango huu ni mgumu kuliko kujenga, kwa sababu jengo hulipiwa mara moja na mshahara hudaiwa kila mwezi. Asubuhi wakutubi hao wangekwenda shule za kata za jirani kuwafundisha wanafunzi namna ya kupima walichokisoma kwenye simu, na mchana wangewapokea haohao mezani.