Breki Ninazo, Barabara Ndiyo Haina Habari

Jamani, theluji ya kwenye kadi za sikukuu ni pamba. Hii iliyotuangukia jana ni zege. Ni ile inayokuja wakati baridi inachezacheza pale kwenye sifuri: imelewa maji, ina uzito wa dhambi, ukiishika inakutiririkia hadi kiwikoni. Huku kwetu hupita miaka haijaonekana, halafu inatua kama shemeji asiyetoa taarifa. Nani atakuwa na sepetu?

Kioo nilikikwangua kwa kadi ya benki. Kwa mara ya kwanza kadi ile ikatoa kitu bila kuniambia salio halitoshi. Kisha ikavunjika. Waipa nazo zilipanguza mara mbili, zikaona mzigo, zikagoma.

Bosi aliitazama theluji dirishani tangu asubuhi. Saa nane mchana akashtuka, akatuachia wote, saa ileile mji mzima nao ulipoachiwa. Na msitucheke. Januari 2014 kule Atlanta, Marekani, theluji haikufika hata sentimita 10, lakini shule na ofisi zilifunga karibu kwa pamoja. Magari yakatelekezwa kwenye barabara kuu, ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu yakanasa kwenye foleni hiyohiyo, watoto wakalala shuleni, na kichanga kimoja kikazaliwa humohumo barabarani!

Basi nami nikaingia foleni. Wajuzi wanasema tairi la kiangazi hukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7. Langu halikusubiri baridi, lina kipara tangu zamani. Pia nilishasoma kwamba kwenye barafu gari laweza kuhitaji hata mara 10 ya umbali wa kawaida ndipo lisimame. Nimesoma mimi, mguu haukwenda shule. Ukakanyaga breki yote. Kanyagio likaanza kunitetemeka unyayoni kama simu ya mdai, nikajua gari ndiyo basi tena. Kumbe ni breki zenyewe zinabana na kuachia ili magurudumu yasigome kuzunguka. Gari likaendelea na safari yake taratibu, kwa heshima zote, mimi nikiwa abiria.

Hapo jirani yangu akanipita na lile ligari lake linalosukuma magurudumu yote manne, honi juu. Huwa natamani kumwambia: baba, hayo manne ni ya kuondokea. Ya kusimamia, hata langu linayo manne!

Nilimkuta darajani. Daraja huganda kabla ya barabara, maana baridi inalipiga juu na chini. Ligari lilikuwa limegeukia lilikotoka, tukatazamana uso kwa uso.

"Vipi jirani, unarudi?"

"Nimesahau kitu nyumbani."

Nilikuwa na la kumjibu, tena zuri, ila sikuwa nimesimama. Nilikuwa napita tu.