Kicheko Kinachobaki Kooni

Mapema mwaka 1987 makachero wa Kenya walipata taarifa kwamba mtu mmoja aitwaye Matigari anazunguka nchini akiulizia ukweli na haki. Amri ikatoka: akamatwe. Kumbe Matigari ni mhusika wa riwaya ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyochapishwa mwaka uliotangulia. Basi wakakikamata kitabu. Nakala zikazolewa madukani. Ndivyo alivyosimulia Ngũgĩ mwenyewe.

Watetezi wa kejeli hukipenda kisa hiki: kama fasihi haina nguvu, mbona dola ilitetemeka? Mimi nakisoma vingine. Kichekesho hapa hakikutungwa na mwandishi, kilitungwa na wenye pingu. Na hiyo ndiyo shida ya kila anayeandika juu ya utawala wa mabavu: serikali imeshamtangulia kwa vituko. Atie chumvi wapi?

Wengi huitia kwenye tumbo la dikteta. Tunapewa mtawala mwenye kitambi, vyeo kumi, anayekiogopa hata kivuli chake. Tunacheka, tunafunga kitabu. Achille Mbembe, mwanazuoni wa Kamerun, ameutilia shaka mzaha wa namna hii: kwake yeye, raia anayedhihaki na mkubwa anayedhihakiwa wamekwisha kuzoeana, na dhihaka haimng'oi mtu kitini. Hoja nzito. Naongeza yangu: mtawala akishageuzwa kikaragosi, na maiti zake huonekana za karatasi.

Ila kuna kicheko kingine, kisichomgusa mkubwa kabisa. Katika riwaya ya Milan Kundera ya mwaka 1967 kuhusu utani, kijana wa Chekoslovakia anamwandikia msichana postikadi ya mistari michache, akikejeli matumaini na kumtakia Trotsky, hasimu wa Stalin, maisha marefu. Alitaka tu kumchokoza. Wanachama wenzake wa chama cha kikomunisti wanaisoma kwa nyuso kavu, wananyoosha mikono, anafukuzwa chamani na chuoni, anaishia kuchimba makaa ya mawe. Hakuna jitu la kutisha humo. Kuna kikao, kura na wenzake wa jana. Huwezi kumcheka mtu mmoja ukabaki salama, maana hata wewe ungeweza kunyoosha mkono.

Daniil Kharms, mwandishi wa Leningrad katika Urusi ya Kisovieti, alikwenda mbali zaidi. Kwenye kijihadithi chake kimoja, kikongwe anachungulia dirishani kwa udadisi, anaanguka, anakufa. Wa pili anachungulia kumtazama, naye anaanguka. Hivyo hivyo hadi wa sita. Msimulizi anachoka kutazama, anakwenda zake sokoni, ambako inasemekana kipofu mmoja amepewa shali ya kufumwa. Polisi hawatajwi, Stalin hatajwi. Lakini huko kuchoka kutazama watu wakianguka, katika miaka ya 1930, Stalin akiua raia wake kwa maelfu! Wahakiki wanauita ubwege, yaani fasihi ya mambo yasiyo na mantiki. Mimi naona ni taarifa ya habari.

Hata hivyo, wasioamini kwamba kejeli ina nguvu wananibana papo hapo. Hadithi hiyo haikuchapishwa Kharms akiwa hai. Umma ulimjua kwa maandishi ya watoto. Waliocheka ni marafiki wachache aliowasomea. Alikamatwa mwaka 1941 na kufa mwaka uliofuata katika hospitali ya gereza, mji ukiwa umezingirwa na jeshi la Wajerumani, njaa imetanda. Miswada ilinusurika kwa sababu rafiki yake, Yakov Druskin, aliikusanya kwenye nyumba iliyopigwa bomu, akaitia kwenye sanduku la safari, na kwa miaka mingi hakulifungua, akimsubiri mwenyewe arudi.