Taroti Haijui Kesho Yako

Wengi wetu tukisikia karata za taroti tunafikiria ramli ya Wazungu, na simlaumu anayefikiri hivyo. Ukifungua TikTok hukosi kukutana na mtu aliyekaa nyuma ya mshumaa, anakuhakikishia kwamba mpenzi wako wa zamani atarudi kabla ya mwisho wa mwezi, na ukitaka kujua zaidi utume pesa. Hiyo ni ramli kweli, tena ya kuwakamua watu wenye majonzi. Mimi natumia karata hizohizo karibu kila wiki, na siziulizi kesho kutatokea nini, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba hazijui. Ninachotaka ni zinisaidie kulitamka jambo ambalo nimekuwa nikilizungukazunguka.

Historia yake inaniunga mkono. Taroti ilianza kama mchezo. Katika karne ya 15, kaskazini mwa Italia, wakubwa wa Milan na Ferrara waliketi wakacheza karata kwa kushindana, kama wanavyoketi wazee wetu barazani. Karata za kawaida zilikuwa zimeingia Ulaya karne moja kabla, zikitokea nchi za Kiislamu. Jumba la Topkapi mjini Istanbul limehifadhi karata za enzi za Wamamluki wa Misri, zenye vikombe, panga, sarafu na fimbo za polo. Vikombe na panga hizo ni ndugu wa kopa na shupaza tunazozijua. Waitalia waliongeza karata 22 za picha, na leo pakiti nzima ina karata 78. Huko Ufaransa watu bado wanaicheza taroti kama mchezo tu, bila kumwagulia mtu chochote.

Uaguzi ulikuja baadaye sana. Mwaka 1781 Mfaransa Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba karata hizi ni mabaki ya kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao. Maandishi ya Misri ya kale yalikuwa hayajasomeka, mpaka msomi Mfaransa Champollion alipofumbua siri yake mwaka 1822. Lakini madai hayo yalishika, na muda si mrefu mwenzake aliyejiita Etteilla akawa anafundisha watu kuagua kwa taroti. Kwa hiyo anayekuuzia leo siri za mafarao anakuuzia dhana iliyozaliwa Paris.

Zaidi ya hao wote mimi namheshimu mwanamke mmoja, Pamela Colman Smith, aliyechora pakiti iliyotolewa London mwaka 1909, ile inayotumiwa zaidi hadi leo. Utotoni aliwahi kuishi Jamaica, na alichapisha hadithi za huko za Anansi, buibui mjanja aliyevuka bahari na Waafrika wa magharibi. Kabla yake, karata nyingi za namba zilikuwa na alama tu: vikombe vitano, basi. Yeye akaweka watu, na kila mtu akampa shughuli. Kwa kazi yote hiyo alilipwa kidogo, na alipofariki mwaka 1951 aliacha madeni. Karata zimekuwa zikiitwa kwa jina la mchapishaji na la Arthur Edward Waite aliyempa kazi hiyo. Naomba tuwe tunamtaja.

Michoro yake ndiyo inayofanya kazi ninayoizungumzia. Kuna karata ya kumi ya fimbo: mtu ameinama, amekumbatia fimbo kumi, uso wake hauonekani, na mbele yake kuna mji. Rafiki yangu mmoja, mwalimu, aliitoa tukiwa tumekaa jioni. Sikumweleza maana yake. Nilimwuliza tu anaona nini. Akajibu papo hapo, "Huyu amebeba ada za wadogo zake." Kisha akanyamaza, halafu akazungumza mpaka usiku. Hakuwahi kumwambia yeyote kwamba amechoka, kwa sababu kifungua mimba hachoki. Karata haikuwa na habari yoyote kuhusu ada. Alikuja nazo mwenyewe.

Mtu anaweza kusema picha yoyote ingetosha, hata picha ya Tingatinga ukutani au ya harusi ya shangazi. Nakubali, nami nimewahi kuwashauri watu watumie hizo. Ila karata ina faida moja: huichagui, unaitoa bila kuiona. Ukiachiwa uchague utachukua ile isiyokugusa. Ndiyo maana ukitoa karata ukaichukia, usiirudishe. Andika kwanza kwa nini umeichukia.

Narudia neno hilo, andika. Bila daftari mchezo huu unageuka kujifariji. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mmarekani Bertram Forer aliwapima wanafunzi wake 39 tabia zao, kisha akampa kila mmoja matokeo yake na kumtaka aseme ni sahihi kiasi gani, kutoka 0 hadi 5. Wastani ukawa 4.26. Kumbe wote walipewa maneno yaleyale, mengi yametoka katika kitabu cha nyota. Vijitabu vinavyokuja na taroti vimeandikwa kwa maneno ya aina hiyo, yanayomkaa kila mtu. Kiweke chako kando mpaka umalize kuandika, na unachoandika kiwe na majina, tarehe na kiasi cha pesa, mambo ambayo hayawezi kumhusu jirani yako.

Swali nalo lina uzito wake. "Nitaolewa lini?" halina jibu ndani ya pakiti. Chukua karata ya Kifo, namba 13, inayowatisha watu bure: mifupa iliyovaa deraya juu ya farasi mweupe, na jua nyuma yake kati ya minara miwili. Mimi nikiitoa najiuliza: kitu gani kimekwisha, nami bado nakihudumia? Swali hilo limewahi kunitoa katika kamati moja ambayo miaka nenda rudi haikuwa imefanya lolote.

Wapo watakaosema hata hivyo ni haramu. Waislamu watataja aya ya 90 ya Suratul Maida kuhusu mishale ya kupigia ramli, Wakristo watataja Kumbukumbu la Torati sura ya 18. Siwabishii, na sipendi kumwona mtu akivutwa kinyume na dhamiri yake. Daftari na swali zuri vinatosha kabisa bila karata hata moja.

Mimi mwenyewe nina mpaka wangu. Simtolei karata mtu aliyefiwa juzi, wala anayengoja majibu ya vipimo hospitalini. Mtu wa hali hiyo anataka kuambiwa kesho itakuwaje, na picha yoyote utakayomwekea ataisoma kama jibu, hata umkanye vipi. Nimeombwa zaidi ya mara moja, na nimekataa, hata kwa ndugu wa karibu aliyeninunia kwa hilo. Niko tayari kukaa naye, kumsindikiza kliniki, kumsikiliza mpaka alfajiri. Karata, hapana.