“Hapa Tunatumia Windows” Si Jibu

Mpwa wangu kapeleka laptopu yake yenye Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, kwenye ofisi ya TEHAMA ya chuo chao apewe waifai, akajibiwa: “Dada, hapa tunatumia Windows.” Ungedhani kaingiza bangi bwenini. Alipong'ang'ania, akapewa ule ushauri wa siku zote: weka tiki kwenye kisanduku kinachosema cheti hakihitajiki, andika namba ya usajili na nywila, basi. Ikakubali. Ofisi nzima ikafurahi.

Mimi nimekasirika. Cheti kile cha kidijitali ndicho kinachoihakikishia laptopu kwamba inaongea na seva ya chuo, si na mjanja aliyekaa kantini na ruta yake aliyoipa jina lile lile la mtandao wa chuo. Ukiondoa ukaguzi huo, laptopu itamkimbilia yeyote mwenye jina hilo na kuanza kujitambulisha kwake kwa MSCHAPv2, njia ya zamani ya kuthibitisha nywila. Na MSCHAPv2 ilishavuliwa nguo tangu 2012, watafiti wa usalama Moxie Marlinspike na David Hulton walipoonyesha kwenye DEF CON, mkutano wa wadukuzi, kwamba inavunjika ndani ya saa 24. Nywila nyepesi, zile za jina na mwaka wa kuzaliwa, hazisubiri hata hizo saa, zinakisiwa tu. Sasa jiulize nywila hiyo hiyo inafungua nini kingine: matokeo, barua pepe, akaunti ya ada. Google wenyewe waliufuta uchochoro huu wa kuruka cheti kwenye Android 11, wakianza na simu za Pixel, Desemba 2020. Ofisi yetu bado inaufundisha!

Kinachouma zaidi, Linux haikukataa kitu. Inataka iambiwe mambo ambayo chuo kinayajua na hakiyasemi: handaki la siri linalofunika mazungumzo ni PEAP au TTLS, nywila ndani yake inapita kwa MSCHAPv2 au PAP, cheti cha kushusha ni kipi, seva inaitwaje. Karatasi moja inatosha, ibandikwe pale pale yanapobandikwa majina ya wadaiwa wa ada. Na chuo kikiwa kwenye eduroam, ule mtandao wa waifai wa pamoja wa vyuo duniani, na kimejaza taarifa zake kwenye CAT, tovuti yake ya kuandaa vifaa, hata karatasi haihitajiki: unashusha skripti ya Python, unaiendesha, inapanga kila kitu, cheti kikiwemo.

Haya, nikubali kidogo. Ubuntu 22.04 ilikuja na OpenSSL 3, programu ya usimbaji iliyo kali zaidi, na watu waliokuwa wakiunganishwa vizuri wakajikuta nje. Ila hapo nao ugomvi ulikuwa na seva kuukuu zilizogoma kuachana na TLS 1.0, toleo la kizamani la usimbaji wa mawasiliano. Na ndiyo, vijana wa TEHAMA ni wachache, kutwa wanaitwa kufufua projekta.

Nanyi wa Windows msicheke. Lile dirisha linalouliza kama uendelee kuunganishwa, nawe ukabonyeza bila kusoma? Shimo ni lile lile.