Kifaransa cha Malindi kianzie kwenye leso

Wengi waliosoma Kifaransa katika shule zetu wanaikumbuka ile dhamira iitwayo subjonctif, yaani umbo la kitenzi la jambo linalotakwa au kuombwa, kwa sura ya jedwali: que je sois, que tu sois, qu'il soit, ubao mzima hadi chaki iishe. Kitabu nacho, kinachoeleza mambo kwa Kiingereza, kinatoa onyo mapema kuwa hapa pana ugumu. Kwa Mwingereza upo kweli, kwani lugha yake imeiacha karibu dhamira hiyo yote. Mtoto wa Malindi anatishwa kwa shida ya watu wengine. Mimi huwafundisha Kifaransa vijana wa hapa mjini wanaotafuta kazi za hoteli na utalii, na naona tunawahangaisha bure. Jambo hilo wanalo mdomoni tangu utotoni.

Hakuna Mswahili asemaye "nataka unakuja." Husema "nataka uje," kwa kuwa kuja kwenyewe bado, kunatakwa tu. Je veux que tu viennes imejengwa vivyo hivyo. Lazima aende, il faut qu'il aille. Aingie! Qu'il entre! Hata vitenzi vyetu vyenye asili ya Kiarabu, visivyogeuka mwisho, vina wenzao ng'ambo: unajibu, nataka ujibu, tu parles, je veux que tu parles. Wagiriama darasani hawaachwi nyuma, maana Kigiriama nacho kina e yake ya mwisho, kama ile ya "uje". Halafu kuna ile ne ya avant qu'il n'arrive, isiyokanusha kitu, ambayo walimu huikwepa. Sisi si tunasema "kabla hajafika"? Ukanusho umo, na hakuna anayeshangaa.

Siku hizi kila mwalimu anahimizwa awe mbunifu, na hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu kidogo. Kuimba -e, -es, -e, -ions, -iez, -ent kwa mahadhi ya taarabu ni jedwali lile lile lililopigiwa ngoma. Mchezo una faida pale tu ambapo mchezaji hawezi kupata anachokitaka bila kuitumia dhamira hiyo.

Kwa hiyo mimi huanza na leso, yaani kanga. Kila mwanafunzi anachora yake kwenye karatasi: pindo, mji wa katikati, na jina, yaani yale maneno ya leso, chini kwa herufi kubwa. Sharti ni moja, jina liwe la Kifaransa na liwe na matakwa, dua au kijembe. Matakwa na dua huitaka subjonctif, kijembe nacho huipokea vizuri, na yote matatu Pwani tunayaweza bila kufunzwa. Utapata Que Dieu te garde, yaani Mungu akulinde, ya heshima. Utapata Que ma rivale le sache : je reste, yaani ajue mwenye wivu, mie siondoki. Huyo mwandishi wa kijembe ameshika sache, umbo gumu la savoir, bila kuliona jedwali, na hatalisahau kwa sababu darasa zima limepiga vigelegele. Leso zinatundikwa ukutani, watu wanajibizana leso kwa leso. Kelele ni nyingi, kwa hiyo mwombe radhi mapema mwalimu wa chumba cha pili.

Mchezo wa pili ni wa somo, yaani kungwi, na mwari anayefundwa. Somo anausia: il faut que tu sois patiente, il ne faut pas que tu dises tout à ta mère, yaani lazima uwe mvumilivu, usimwambie mama yako kila kitu. Mwari wa siku hizi hakubali kirahisi: je veux qu'il fasse la cuisine, nataka mume apike! Wavulana hung'ang'ania kuwa somo, sijui kwa nini. Sois, fasse, aille, puisse: maumbo yasiyofuata kanuni ndiyo yanayotumika zaidi, na usia huyaita yote.

Malindi ina jambo jingine ambalo vitabu havilijui. Vijana wengi wa ufukweni wanazungumza Kiitaliano walichookota kwa watalii, na anayejua voglio che tu venga, yaani nataka uje, amekaribia sana Kifaransa. Ila kwenye matumaini Kiitaliano kinampoteza. Kwa Mwitaliano ni spero che tu venga, kwa Mfaransa ni j'espère que tu viendras, pasipo subjonctif. Hapo namrudisha nyumbani: natumaini utakuja.

Kiswahili nacho kina mitego yake, tusijidanganye. Sisi twasema "nataka niende". Mfaransa akiwa ndiye anayetaka na ndiye anayekwenda, husema je veux aller basi. Je veux que j'aille ni kosa, na darasani kwangu ndilo linalojirudia kuliko yote. Tena "ingawa amechoka" ya kwetu haigeuki, lakini bien qu'il soit fatigué inageuka. Haya huyasema wazi, kisha tunayarudia kwenye leso mpya.

Wenzangu hunikumbusha mtihani. Ni kweli, parle, parles na parlent masikioni ni kitu kimoja, na hakuna kijembe kitakachomfunza mtu mahali pa kutia s. Kwa tahajia sijapata mchezo wowote wa maana. Jedwali nalitoa wakati huo, baada ya leso, watu wanayaona kwa mpangilio maneno waliyokwisha kuyatumia, kisha wanakaa na kuandika imla.